Avoka wa parseli na kodi: amepita njia gani mbele ya kukaa nyuma ya ile meza?

Wakati feza inatoka Mongbwalu, Nizi ao Mambasa, inashuka Bunia na inatafuta udongo. PDG mwenye shimo lake lilimupa bahati, kama ana akili, haendi kwa gari kwanza. Anaenda kwa parseli. Anasema: gari itakufa, shimo litajaa maji, lakini parseli itabaki kwa watoto. Hapo ana haki kabisa. Shida ni kwamba wengi wananunua parseli sawa vile wananunua kuku sokoni: wanaangalia, wanapatana bei, wanahesabu feza, wanaenda. Karatasi moja ya acte de vente, sahihi ya chef de quartier, mashahidi wawili, basi.

Nyuma ya miaka mitatu hivi, mtu mwingine anafika na karatasi nyingine yenye stempu kubwa. Anasema: hii parseli ni yangu, mtoke. Siku ile njo watu wanaanza kukimbia mjini kutafuta avoka.

Wasomaji wetu wa machimbo wanaulizaka mara nyingi: avoka mwenye anajua mambo ya parseli na kodi, tutamtambua namna gani? Wote wanavaa toge nyeusi, wote wanaitwa Maître, wote wanasema Kifaransa kizuri. Hatutataja jina la mtu hapa, gazeti halifanyi matangazo kwa cabinet ya mtu. Lakini njia yenye avoka wa namna hii amepita inajulikana, na mwenye kuijua atajua pia maswali ya kuuliza mbele ya kutoa feza yake.

Tuanze na shule. Kwa mfumo wa zamani, mtu alisoma droit miaka mitano: mitatu ya graduat, miwili ya licence. Sasa vyuo vimeingia mu mfumo wa LMD, lakini wale wenye unawaona leo na mvi kidogo walipita kwa ule wa zamani. Ile diplome haimfanyi mtu kuwa avoka. Inamfanya kuwa juriste tu. Sheria yenye kupanga kazi ya avoka ni ordonnance-loi namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979. Inaomba mtu aandikishwe kwa baro, ale kiapo mbele ya Cour d'appel, kisha afanye stage ya miaka miwili chini ya avoka mkubwa, mwenye wanamuita patron wake. Ile miaka miwili, stagiaire anabeba dosye, anaenda kwa greffe, anasimama kwa audience kuomba remise, anaandika conclusions zenye patron atasahihisha na kalamu nyekundu. Kiisha pale, kama conseil ya baro inakubali, jina lake linaingia kwa Tableau, ni kusema liste ya maavoka wakamilifu.

Kuna pia défenseur judiciaire. Huyu si mwongo na si mtu wa kudharau, wengi wanajua kazi yao vizuri sana. Lakini yeye ni wa tribinali ya grande instance na tribinali ya amani. Kama neno lako linapanda kwa Cour d'appel, hawezi kukufuata kule. Na kuna mtu wa tatu, huyu wa kuogopa: commissionnaire mwenye anatembea na makopi ya makaratasi mu sakoshi na anasema «mimi na avoka ni kitu kimoja». Haiko kitu kimoja.

Sasa tufike kwa jambo lenyewe. Kwetu hakuna mtihani wa pekee wenye unamfanya mtu kuwa avoka wa parseli ao avoka wa kodi. Mwenye ameandikwa kwa Tableau anaweza kusimama kwa talaka leo, kwa wizi kesho, kwa parseli kesho kutwa. Kwa hiyo ujuzi wa udongo hauandikwi kwa diplome. Unapatikana kwa miguu: kwa ofisi ya conservateur des titres immobiliers, kwa kadastre, kwa mipaka yenye majani, kwa ofisi za kodi. Ukimuuliza avoka «ulisoma wapi?» haujauliza kitu. Muulize: «Maître, dosye za parseli ulizifanya ngapi, na ulizifanya kwa tribinali gani?»

Kwa Bunia, lile swali la pili lina historia. Mpaka 2015, Ituri yetu haikuwa jimbo, ilikuwa district ya Province Orientale, na Cour d'appel ilikuwa Kisangani. Maavoka wengi wakubwa wa hapa walikula kiapo kule. Mtu akishindwa Bunia na akitaka appel, dosye ilikuwa inaenda Kisangani, karibu kilometa 700 za barabara, na barabara tunaijua. Wengi waliacha haki yao njiani, si juu walikosa sababu nzuri, ni juu walikosa feza ya safari na ya hoteli. Avoka mwenye alifanya kazi wakati ule alijifunza jambo moja lenye vijana hawalijui sana: dosye ya parseli unaishinda pale chini, siku ya kwanza, na makaratasi. Ukingoja kuitengeneza kwa appel, umechelewa.

Na wale wakubwa walianza kazi kwa mji wenye ulikuwa unatoka mu vita. Kati ya 1999 na 2003 watu walikimbia Bunia, wengine waliingia mu nyumba za wengine, makaratasi yalichomwa ao yalipotea na wenyewe. Wakati amani ilirudi kidogo, kila mtu alirudi na maneno yake: huyu na kopi, huyu na mashahidi, huyu na kaburi la baba yake pale mu parseli. Hakuna chuo kingeweza kufundisha vile.

Turudi nyuma kidogo, maana hapa njo roho ya kazi yao. Sheria ya udongo ya Kongo ni ile namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyobadilishwa kidogo na ile ya 18 Julai 1980. Inasema neno lenye kushangaza wengi: udongo wote ni wa Serikali, na Serikali haiuzi. Kile chenye unapata kinaitwa concession. Kwa mtu wa Kongo inaweza kuwa ya milele (concession perpétuelle); kwa shirika ao mgeni ni ya muda, miaka 25 yenye inaweza kuongezwa. Kwa hiyo hata mwenye nyumba ya étage pale Boulevard de Libération, udongo wenye iko chini ya nyumba si wake. Ana haki ya kuutumia, na ile haki inashikwa na karatasi moja tu: certificat d'enregistrement. Kifungu cha 219 cha ile sheria kinasema hivyo bila kuzunguka. Acte de vente si ile karatasi. Attestation ya chef de quartier si ile karatasi. Fiche parcellaire si ile karatasi. Hata contrat de location yenye Serikali inakupa ili ujenge, yenye haipiti miaka mitatu, ni mlango tu, si nyumba.

Mwenye kuwa na acte de vente peke yake ana neno na muuzaji, hana bado neno na udongo. Ikitokea muuzaji aliuza mara mbili, mmoja akakimbia kuandikisha na mwingine akalala, mwenye kulala atabaki kumfuata muuzaji. Na muuzaji, wakati ule, mara nyingi ameisha kuvuka Uganda. Kuuza kitu cha immobilier chenye si chako ni kosa la jinai, linaitwa stellionat, na sheria inaweka kifungo kuanzia miezi mitatu mpaka miaka mitano. Lakini kumfunga mtu haikurudishii parseli.

Kisha inakuja saa. Avoka wote wa udongo wanaijua, na kama ungewaamsha usiku wangekuambia namba yake: kifungu cha 227. Certificat ikiisha kutolewa, mwenye kuona amedhulumiwa ana miaka miwili ya kuishambulia kwa tribinali. Miaka miwili ikipita, haishambuliwi tena. Utaweza kuomba dommages-intérêts, ni kusema feza ya malipo ya hasara, lakini udongo umeenda. Maavoka wanabishanaka bado juu ya certificat yenye ilitolewa kwa udanganyifu mkubwa, na tribinali hazisemi zote sauti moja. Lakini hakuna avoka mwenye akili atakuambia ungoje mwaka wa tatu ili ujaribu.

Kwa mchimbaji, hii saa ni hatari kuliko kwa mtu wa mjini. Mtu wa Mudzipela anapita karibu na parseli yake kila asubuhi. Mchimbaji anakaa Mongbwalu, kilometa karibu 80, ao anaenda mbali mpaka Mambasa, anaacha parseli na mlinzi ao na shemeji, anarudi nyuma ya miezi kumi na nane. Pale mtu anaweza kuwa ameisha kutoa certificat juu ya udongo wake, na saa inatembea bila yeye kujua. Hakuna mtu atampigia simu.

Hapa hatuwezi kuruka jambo lenye kila mtu wa Ituri anajua, hata kama linauma. Nyuma ya sheria ya 1973, na nyuma ya zaïrianisation yenye ilitangazwa mwisho wa Novemba mwaka ule, concessions nyingi za wakoloni mu Djugu na Irumu zilibadilisha mikono. Kwa Walendu wengi wenye walikaa pembeni ya zile ferme, wenye concession walisongesha mipaka na walinyamaza mpaka miaka miwili iishe. Kwa wenye concession, wengi Wahema, makaratasi yalikuwa ya sheria na wenyeji wa pembeni walikuwa wanaingia bila haki. Sheria ile iliomba enquête ifanywe mbele ya kutoa udongo wa vijiji, watu wa pale wasikilizwe. Kama ilifanywa sawasawa ao haikufanywa, kwa kila concession iko maneno yake. Kile chenye hakuna mtu anabisha ni kwamba moto wa 1999 ulianza mu Walendu-Pitsi, mu mabishano ya concessions, na kisha ulichoma jimbo lote. Vita ilikuwa na sababu nyingi, dhahabu na wakubwa wa inje mu ile hesabu. Lakini moja ya zile sababu ilikuwa karatasi yenye jirani hakujua inaandikwa.

Tena kuna shimo mu sheria yenyewe. Kifungu cha 389 kiliahidi ordonnance ya Président ya kueleza haki za watu wenye wanakaa kwa udongo wa kimila. Ile ordonnance haikutoka. Ni zaidi ya nusu karne watu wa vijiji wanakaa kwa ahadi. Kwa hiyo ukinunua udongo inje ya mji, kwa chef wa kimila, unaingia mahali penye sheria yenyewe haikumaliza kusema neno lake. Avoka mwenye uzoefu hatakuambia «usinunue». Atakuambia: mkutane na chef, na familia yote yenye inakaa pale, na majirani wa pande nne, muandike majina ya wote, kisha mwanze njia ya kupata certificat, msikae na karatasi ya chef peke yake.

Tuseme PDG mmoja anaingia kwa cabinet na anasema amepata parseli Nyakasanza, bei nzuri, muuzaji anataka feza leo. Avoka kijana ataandika acte de vente na atasaini. Avoka mwenye amekomaa atauliza: «Papa, iko na certificat?» Kama iko, ataangalia pale juu, Vol. na Folio, ni kusema kitabu gani na ukurasa gani. Hatasoma ile kopi ya muuzaji na kuamini. Ataenda kwa conservateur, sababu certificat inaandikwa mara mbili: moja inabaki mu kitabu cha Serikali, nyingine inapewa mwenyewe. Zile mbili zinapaswa kufanana. Ataangalia kama kuna hypothèque, kama banki ao mtu mwingine anashika ile parseli juu ya deni. Ataangalia tarehe: kama certificat imetoka miezi minne tu, ile saa ya miaka miwili ingali inatembea, na mtu anaweza kutokea. Kisha atauliza: «Na mama yuko wapi?»

Hili swali linawaudhi wanaume wengi, lakini liko mu sheria. Code de la famille ya 1987, yenye ilibadilishwa 2016, inaomba wote wawili, bwana na bibi, wakubali mbele ya kuuza nyumba ao concession, hata kama kila mmoja ana mali yake. Muuzaji mwenye anauza haraka haraka wakati bibi yake ameenda kwao kuzaa, pale kuna kitu. Na kwa bibi wa mchimbaji mwenye anasoma hii: bwana yako hawezi kuuza nyumba yenu kutoka Mongbwalu na wewe unasikia habari kwa majirani. Kama ilitokea, usingoje. Peleka acte de mariage kwa avoka mara moja. Kwa hiyo wenye waliposana kwa kimila peke yao waende kuandikisha ndoa kwa état civil, ni mambo ya feza kidogo na inaokoa nyumba.

Neno moja tena juu ya machimbo, maana linachanganya watu. Carte d'exploitant artisanal si karatasi ya udongo. Kwa Code minier ya 2002, yenye ilibadilishwa Machi 2018, ile carte ni ya mwaka mmoja, ni ya mtu wa Kongo mwenye ameingia mu coopérative, na inampa ruhusa ya kuchimba mu zone d'exploitation artisanale. Haimpi hata pa kujenga choo. Na certificat ya parseli haimpi mtu dhahabu ya chini: kile chenye iko chini ni cha Serikali, njia yake ni ingine. Lakini shirika lenye permis nalo halina ruhusa ya kuharibu nyumba na mashamba bila kulipa. Ile code inaomba indemnité. Avoka wa udongo kwa jimbo kama letu lazima asome code zote mbili, ya udongo na ya mines. Mwenye anajua moja tu atakupoteza katikati.

Sasa kodi. Hapa njo maavoka wengi wanakimbia, na hapa njo wale wachache wanaonekana.

Mchimbaji anajenga nyumba ya kupangisha mu Bunia, pengine mbili. Shirika moja la kibinadamu linaingia, wanapatana dola 100 kwa mwezi (tutumie namba nyepesi). Mwisho wa mwezi anapata 80. Anakasirika, anasema wamemwibia. Hawakumwibia. Kwa kodi ya mapato ya nyumba, yenye inaitwa impôt sur les revenus locatifs, kiasi chenye kimejulikana miaka mingi ni 22 kwa mia, na mpangaji ana lazima ya kukata 20 kwa mia na kuipeleka yeye mwenyewe kwa ofisi ya kodi. Zinabaki 2 kwa mia, zenye mwenye nyumba analeta wakati wa déclaration ya mwaka. Kwa dola 100 kwa mwezi, ni 1200 kwa mwaka. Kodi yote ni 264. Mpangaji ameisha kupeleka 240. Mwenye nyumba anabaki na 24. Hesabu ni hiyo. Lakini mpangaji akikata, mwenye nyumba lazima amwombe preuve de paiement ya kila mara. Bila ile karatasi, wakaguzi wakifika, watamwomba mwenye nyumba 264 yote, na yeye atasema «walikata!», na hatakuwa na kitu mkononi.

Hii kodi ya nyumba na impôt foncier, Konstitisyo ya 2006, kifungu cha 204, inaziweka kwa jimbo. Kwa hiyo mtu wa DGI, mtu wa DGRAD na mtu wa régie ya jimbo hawana kazi moja, na mwananchi mwenye hajui anaweza kulipa kitu kimoja kwa watu wawili. Kifungu cha 174 cha ile Konstitisyo kinasema kodi haiwekwi ila na sheria. Avoka wa kodi anaishi na kile kifungu. Mtu akileta karatasi ya kulipisha, yeye hapigi kelele na haombi punguzo kwanza. Anauliza: ni texte gani, kifungu gani, ofisi gani, akaunti gani ya banki? Halafu anahesabu siku, sababu kodi nayo ina saa yake: mwenye kutaka kupinga lazima aandike réclamation mu muda wenye sheria inatoa, na kwa ile ofisi yenyewe kwanza, mbele ya kwenda kwa tribinali. Barua ikichelewa, hata ukiwa na haki, mlango umefungwa.

Kuna mahali parseli na kodi zinakutana, na pale njo utaona kama avoka anajua zote mbili. Wakati wa mutation, ni kusema kuhamisha certificat kwa jina la mnunuzi, Serikali inachukua feza kwa kuhesabu juu ya bei ya kuuza. Kwa hiyo watu wanafanya ujanja: wamepatana dola 15 000, wanaandika 5000 kwa acte. Muuzaji anacheka, mnunuzi anacheka, commissionnaire anacheka zaidi. Nyuma ya mwaka mmoja, mwenye parseli wa kweli anatokea, mnunuzi anafukuzwa, anaenda kwa tribinali kumwomba muuzaji amrudishie feza yake. Juge anasoma acte: 5000. Zile 10 000 zimekula na nani? Hakuna karatasi. Ndugu ya mama yangu ilimfikia karibu vile, na alikuwa ametoa tola zake zote za miaka sita. Avoka wa parseli peke yake angeweza kunyamaza, ili mteja afurahi. Mwenye amefanya kodi anajua kwamba ile feza yenye mlikimbia kuilipa kwa Serikali ni kidogo kuliko ile mnaweza kupoteza.

Tangu état de siège ilianza tarehe 6 Mei 2021, kulikuwa na kuchanganyikiwa tena. Mambo ya jinai yalipelekwa kwa tribinali za kijeshi, mambo ya civil yalibaki kwa tribinali za civil. Parseli ni jambo la civil, lakini mwenye kutaka kumwogopesha jirani aliligeuza kuwa jinai, stellionat ao destruction, ili jirani aitwe na watu wa uniforme. Avoka mwenye amekomaa anaona mara moja kama dosye imepelekwa mahali penye haikupaswa, na anaomba irudi njia yake.

Juu ya feza ya avoka, watu wanaogopa kuuliza, na pale njo magomvi yanazaliwa. Uliza siku ya kwanza. Honoraires ni jambo la kupatana, na frais za tribinali ni jambo ingine. Zisichanganywe mu bahasha moja. Muandike. Mwombe reçu, hata kama ni avoka wa familia. Ukiona amekula feza na hafanyi kazi, si lazima umseme sokoni: kuna Bâtonnier, mkubwa wa baro, na malalamiko yako yanaandikwa kwake.

Na mwenye hana kitu, wajane na watu waliokimbia Djugu na Irumu wenye wanakaa mu masite na mu familia hapa mjini, sheria ya baro inaomba kila baro iwe na bureau de consultations gratuites. Pale avoka anasikiliza bila malipo, na anaweza kupewa dosye yako bila wewe kumlipa, kama umeonyesha attestation d'indigence. Mara nyingi utapata stagiaire. Usimdharau. Anataka kuonyesha patron wake kwamba anajua kazi, na ana wakati wa kwenda kwa kadastre mara tano.

Siku utaenda, peleka vitu hivi: karatasi zote za parseli, hata zile unaona hazina maana, kitambulisho chako, acte de mariage, majina na namba za simu za majirani wa pande nne, reçu za kodi zenye unazo, na tarehe. Tarehe ya kununua, tarehe ya kujenga, tarehe yenye ulisikia mara ya kwanza kwamba kuna mtu mwingine. Kama avoka anakuuliza ile tarehe ya mwisho mbele ya kukuuliza kitu kingine, na anaanza kuhesabu miezi na vidole, umepata mwenye amepita njia yenyewe.